Plastiki inayooza ikishafukiwa dampo

Kazi yangu ni kupima gesi inayotoka ardhini pale taka zilipofukiwa. Kila kisima cha gesi kina bomba lenye matundu lililozamishwa ndani ya taka, na juu yake kuna kifuniko chenye vali. Hapo huchomeka mpira mwembamba wa kifaa changu na kusoma kilichomo: methani kiasi gani, kaboni dioksidi kiasi gani, oksijeni kiasi gani. Kisima kilichokomaa hakina maajabu. Methani ni karibu nusu, kaboni dioksidi inachukua sehemu kubwa ya kilichobaki, na oksijeni inakaribia sifuri. Watu wakijua kazi yangu huniuliza kama vikombe na mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza huwa inaoza kweli huko chini. Mimi huanza kuwajibu kwa hiyo sifuri.

Kuoza tunakokuona kwenye majani yaliyoanguka au kwenye lundo la mboji ni kazi ya vijidudu vinavyohitaji oksijeni, na dampo la kisasa limejengwa kwa namna ambayo vijidudu hivyo havidumu. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nene ya polithini, kisha mabomba ya kukusanya maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Malori yakishamwaga, mashine nzito zenye magurudumu ya chuma yenye meno hupita na kurudia mpaka taka zigandamane. Siku ikiisha zinafunikwa kwa udongo wa sentimita 15 hivi. Sehemu ikijaa inazibwa juu ili mvua isipenye. Yote hayo ni kulinda maji ya ardhini na watu wanaoishi karibu, na nayatetea bila kusita. Lakini mahali pasipoingia maji wala hewa, vitu huhifadhika. Oksijeni kidogo iliyonaswa kati ya taka huisha ndani ya siku au wiki chache. Baada ya hapo zamu inashikwa na vijidudu vya aina nyingine: vya kwanza huvunja chakula na karatasi kuwa asidi, vinavyofuata huzitumia asidi hizo na kutoa methani. Vinafanya kazi polepole, na pakikauka vinasimama.

Tunapochimba kisima kipya, keekee kubwa huleta juu taka za miaka mingi. Nimeokota hapo magazeti yenye tarehe inayosomeka, majani ya bustani ambayo bado yana ukijani, vipande vya mbao vilivyo vizima kabisa. William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, mwanaakiolojia aliyeanzisha mradi wa kuchunguza taka mwaka 1973, alifukua madampo kadhaa ya Marekani, likiwemo Fresh Kills la New York, akakuta magazeti ya miongo mingi nyuma yakisomeka na soseji zikitambulika kuwa ni soseji. Gazeti ni mti uliosagwa. Kama gazeti linadumu hivyo, kikombe cha plastiki hakiwezi kupewa matumaini makubwa zaidi kwa sababu tu kimechorwa jani la kijani.

Sasa tuingie kwenye plastiki zenyewe, maana hazifanani.

Ile unayokutana nayo mara nyingi kwenye vikombe vinavyopitisha mwanga na vifuniko vyake inaitwa PLA. Hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya mimea kama mahindi au miwa ipatikane asidi ya laktiki, kisha molekuli za asidi hiyo kuunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi mrefu. Vijidudu haviwezi kuumeza uzi huo ukiwa mzima. Lazima kwanza maji yaukate, kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka uzito wa molekuli ushuke kutoka zaidi ya gramu 100,000 kwa moli hadi kama 10,000. Hapo ndipo vipande vinakuwa vidogo vya kutosha kuliwa. Hatua hiyo ya maji ndiyo ngumu, na kinachoiamua ni joto. Chini ya nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi hivi, nyuzi za PLA zimekakamaa, hazichezi, na maji yanajipenyeza kwa shida. Ukipita joto hilo zinalegea na ukataji unakwenda mbio.

Ndiyo maana vipimo vya kuthibitisha plastiki za kugeuka mboji hufanywa kwenye joto la nyuzi 58. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinadai kwamba ndani ya miezi 6 angalau asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka kaboni dioksidi, na kwamba baada ya wiki 12 kinachobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 2 kisizidi asilimia 10. Kiwango cha Marekani, ASTM D6400, kinafuata njia hiyo hiyo. Ni vipimo vikali na vya kweli. Ila vinapima maisha ya plastiki ndani ya lundo linalogeuzwa, linalonyeshewa maji, lenye hewa tele na joto linalodumu. Lundo dogo la nyuma ya nyumba kwa kawaida halishiki joto hilo. Visima ninavyopima mimi mara nyingi viko kati ya nyuzi 30 na 50, na huko chini hakuna anayegeuza kitu.

Mwaka 2012 jarida la Polymer Degradation and Stability lilichapisha utafiti uliopima PLA katika hali ya dampo, na miongoni mwa waandishi walikuwemo wataalamu wa kampuni inayoitengeneza. PLA ambayo molekuli zake zimejipanga kama fuwele haikutoa methani ya kuhesabika. Ile isiyojipanga ilitoa kidogo. Kwa hiyo kikombe cha PLA kikifika kwangu kinakaa, jirani wa gazeti.

Wengi wakisikia hivyo husikitika, kana kwamba kukaa huko ndiko kushindwa kukubwa kuliko kote. Mimi naona tofauti, na hapa ndipo ningeomba msomaji anisikilize kwa makini.

Kuna plastiki nyingine, jamii ya PHA, ambazo bakteria wenyewe huzitengeneza ndani ya miili yao kuwa akiba ya chakula. Mfaransa Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur alizitambua miaka ya 1920. Kwa kuwa ni akiba ya bakteria, bakteria wengi wana vimeng'enya vya kuzimeng'enya, na hawangoji nyuzi 58. Huzila baharini, kwenye udongo, hata pasipo oksijeni. Plastiki zenye wanga mwingi nazo huliwa kwa urahisi, angalau ile sehemu ya wanga. Hizi ndizo zinazooza kweli dampo. Na zikiozea dampo, zinatoa methani.

Tani moja ya methani huipasha dunia joto kama mara 28 ya tani moja ya kaboni dioksidi ukihesabu miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukihesabu miaka 20. Tukiinasa, tunaichoma au tunaendeshea injini za umeme, na hapo madhara yanapungua sana. Lakini visima havichimbwi siku lori la kwanza linapomwaga. Eneo likiwa bado linapokea taka, mabomba yangekuwa njiani mwa mashine, basi yanasubiri. Nchini Marekani sheria imeyaruhusu madampo makubwa kusubiri hadi miaka 5 tangu taka kuwekwa kabla ya kulazimika kuvuna gesi katika eneo ambalo bado linafanya kazi. Kitu kinachooza haraka kinatoa gesi yake katika miaka hiyo hiyo, na sehemu kubwa yake inakwenda hewani. James Levis na Morton Barlaz wa Chuo Kikuu cha North Carolina State waliipiga hesabu hiyo mwaka 2011 katika jarida la Environmental Science & Technology, na jibu lao likawa kwamba kwa taka zinazokwenda dampo, kuoza haraka kunaweza kuongeza madhara badala ya kuyapunguza. Nimesimama kwenye maeneo mapya yasiyo na mabomba nikiwa na kifaa mkononi, nikaona methani ikipanda kwenye nyufa za udongo. Sihitaji kushawishiwa.

Hivyo, kati ya kikombe cha PLA kilicholala kizima na mfuko wa PHA unaoozea mahali pasipo bomba, naona nafuu kikombe. Kaboni ambayo mmea uliivuta kutoka hewani imebaki imefungwa ndani yake. Siyo ushindi, maana kilimo, mbolea na umeme wa kiwandani vimetumika kwa kitu kilichoshikwa mkononi dakika 10. Lakini hewa haijaongezewa mzigo mwingine.

Tusichanganye pia asili ya plastiki na mwisho wake. Ipo polithini inayotokana na miwa, na ikifika dampo itakaa sawasawa na polithini ya mafuta ya petroli, yaani haitaoza. Na ipo PBAT, ambayo kwa kawaida hutokana na petroli, lakini kwenye mboji ya viwandani inaliwa. Mifuko mingi laini ya mboji ni PBAT iliyochanganywa na wanga au PLA.

Kinachonikasirisha ni jamii mbili. Ya kwanza ni polithini ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali ili ipasuke-pasuke ikipata jua na oksijeni. Juani inageuka vipande vidogo visivyookoteka. Dampo, pasipo jua wala oksijeni, haifanyi hata hilo. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa zake kwa agizo la mwaka 2019 lililoanza kutumika Julai 2021, na nililipokea kwa furaha ya dhati. Ya pili ni plastiki ya kawaida iliyoongezwa kirutubisho cha kuvutia vijidudu, ikauzwa kwa madai kwamba imepimwa kwa ajili ya dampo. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni ASTM D5511, ambacho hufanyika ndani ya chombo chenye joto na vijidudu tele waliokwisha kuandaliwa, na hakiweki alama ya kufaulu. Wauzaji wengine wamechukua asilimia chache zilizopungua maabara, wakazivuta kwa mstari ulionyooka mpaka zifike 100. Kuoza hakuendi hivyo. Kilicho rahisi kuliwa, mara nyingi kile kirutubisho chenyewe, huliwa kwanza, kisha mchoro unalala. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza wazi katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kwamba bidhaa inayoishia dampo isiitwe yenye kuoza bila masharti, kwa kuwa haitaoza kabisa ndani ya mwaka mmoja.

Ipo kazi moja ya mfuko unaooza ambayo naiamini kwa moyo wote: kubeba mabaki ya chakula hadi kwenye mboji. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia 58 ya methani inayovuja kutoka madampo ya taka za miji nchini humo inatokana na chakula kilichotupwa. Mfuko wenyewe una gramu chache tu. Maganda na mabaki yaliyomo ndani ndiyo yangekuja kufukiwa na kutoa gesi kabla sijachimba kisima, na mfuko umewezesha yasije. Kwa matumizi hayo, PLA, PBAT na PHA zote zina nafasi, mradi safari yake iishie kwenye lundo lenye joto. Kama pipa lako linamwagwa kwenye lori la dampo, mfuko ule ule haujasaidia chochote, na mfuko mgumu unaotumika tena na tena ni bora kuliko wote.

Kwa hiyo ukikuta alama ya mboji kwenye kifungashio, tafuta kwanza kama imetaja kiwango, EN 13432 au D6400, na kama inasema ni mboji ya viwandani au ya nyumbani. Kisha wapigie wanaokusanya taka zako uulize kama mabaki ya chakula hutengwa, na kama plastiki za aina hiyo hupokelewa, maana vituo vingine vya mboji huzichambua na kuzirudisha kwetu dampo kwa sababu ratiba yao ni fupi kuliko muda zinaohitaji. Wakisema wanazipokea, waulize lundo lao hufika nyuzi ngapi na hukaa na joto hilo wiki ngapi.