Tazama, maji haya: siku moja ya mchungaji Mikindani

Saa 11 alfajiri. Miaka tisa sasa, adhana ya msikiti wa jirani ndiyo inayoniamsha hapa Mikindani. Jirani yangu anakwenda kuswali, mimi nawasha taa nafungua Biblia. Leo ni Kumbukumbu la Torati 23, maana najua ndiyo nitakayosomewa jioni kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Saa 3 asubuhi. Nimekwenda kumwona bibi wa binti mmoja wa usharika wetu. Nimemkuta uani anabangua korosho, vidole kavipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze. Anagonga kwa kijiwe, ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Mjukuu wake ana mtoto wa miezi minne na hajaolewa. Usharika umemtenga: Meza ya Bwana haruhusiwi, na mtoto habatizwi mpaka mama asimame mbele ya watu aungame. Kijana aliyempa mimba anaimba kwaya kila Jumapili. Hakuna aliyemwita.

"Baba Mchungaji," bibi akasema, macho kwenye kijiwe chake, "wanasema mtoto hana kwao. Sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwao ni hapa."

Sikuwa na la kuongeza. Nikakaa nikamenya naye punje mpaka sahani ikajaa.

Niseme wazi: miaka yangu ya mwanzo niliwasimamisha mabinti watatu namna hiyo. Mmoja hakurudi tena kanisani. Kila ninapobatiza namkumbuka kwa jina.

Saa 7 mchana. Hospitali ya Ligula, Mtwara, wagonjwa wawili, sala fupi, daladala ya kurudi.

Saa 10 jioni. Baraza la wazee. Mmoja akasoma kama nilivyotarajia, 23:2: "Mwana wa haramu asiingie katika mkutano wa BWANA." Nikamwomba, kwa heshima zote, asome na mstari ulio juu yake. Huo unamzuia towashi, mwanamume aliyehasiwa, vilevile. Tukafungua Isaya 56, Mungu anawaahidi matowashi jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Kisha Matendo 8, towashi wa Kushi anamwuliza Filipo: "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo akashuka naye majini. Kama Maandiko yenyewe yameufungua mlango wa mstari wa kwanza, mimi nitasimamaje kizingitini kwa mstari wa pili, tena mbele ya mtoto mchanga?

Nikawakumbusha na historia ya huku kwetu. Wenzetu Waanglikana walianza misheni ya Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, waliopanda bara kutoka Lindi pamoja na Askofu Edward Steere. Watu walionyang'anywa koo zao ndio waliokuwa kanisa.

Wazee wawili wamekubali. Wa tatu anataka mtoto abatizwe, mama abaki nje. Hilo nimelikataa, mtoto wa miezi minne analetwa kifuani mwa mama yake. Tunakutana tena Alhamisi.

Saa 3 usiku. Nimefungua daftari la ubatizo, nimeandika kwa penseli jina la mtoto na la mama. Nafasi ya baba nimeiacha wazi. Kesho, baada ya mazoezi ya kwaya, nitamsubiri yule kijana mlangoni.