Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa michezo siku ya "Olimpia"

Saa 12 asubuhi. Niko uwanjani na ndoo ya chokaa. Watu hudhani mwalimu wa michezo analipwa kwa kupuliza filimbi. Waje wapige mistari minane iliyonyooka kwenye nyasi zenye umande, halafu tuongee.

Mwaka huu shule imetaka mashindano ya Ugiriki ya kale, yale ya Olimpia yanayohesabiwa kuanzia mwaka 776 KK. Mbio zao fupi zilikuwa za nyayo 600. Uwanja wa Olimpia una kama mita 192, na masimulizi yanadai Herakles, shujaa wa hadithi zao, ndiye aliyeupima kwa miguu yake. Wetu haufiki huko. Basi nilimtembeza mtoto wa darasa la nne, kisigino kikigusa kidole, mpaka nyayo 600 zikatimia. Ikatoka mita mia na ishirini na ushee. Kila uwanja na Herakles wake.

Saa 2. Watoto wamefika na mashuka mabegani. Wanauliza kama ni kweli wanariadha wa zamani walishindana uchi. Ni kweli. Nimewaelekeza kwa mwalimu wa historia.

Saa 3 hadi saa 5: kisahani, mkuki wa plastiki, miereka mchangani. Goti moja limechubuka, basi.

Saa 5 na nusu, mbio za wasichana. Wagiriki walikuwa na mbio za wasichana kwa heshima ya mungu wao wa kike Hera, njia ikipunguzwa sehemu moja kati ya sita. Kuna mwenzangu alitaka na sisi tupunguze. Nilikataa. Wakaanza kabla ya filimbi, nikawarudisha. Wakaanza tena kabla ya filimbi. Olimpia kosa hilo lilikuwa la viboko. Mimi nina sauti tu, nayo ilishaanza kukauka.

Mara ya tatu wakaondoka sawa. Wawili wakafika karibu pamoja, kifua kimoja mbele. Nilikuwa kwenye mstari, nimeona. Taji la karatasi likaenda kwa aliyetangulia, na hapo ndipo mama wa yule mwingine alipovuka kamba.

"Mwalimu, wa pili anapata nini?"

"Hapati kitu, mama. Olimpia ilikuwa na mshindi mmoja, na zawadi yake ni taji la mzeituni mwitu."

"Mbona kwenye televisheni wanapewa medali ya fedha?"

Nikamweleza kuwa dhahabu, fedha na shaba kwa watatu wa kwanza ni mambo yaliyoanza mwaka 1904. Halikumhusu. Akatoa simu, akanionyesha video aliyoipiga akiwa pembeni kabisa, mahali ambapo hata mimi ningeonekana nimeshinda. Akairudisha nyuma. Akairudisha tena. Baba mmoja akajiunga, mtoto wake hakuwa hata kwenye mbio hizo. Jua utosini, wavulana wamepanga mstari wananisubiri, na mimi nabishana kuhusu kidevu cha mtoto kwenye kioo kilichopasuka.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyemaliza kesi. "Mama, amenishinda. Niache nikaruke."

Akaenda. Kuruka kwetu ni kwa uzito mikononi, kama wao walivyoruka na vipande vya mawe au vya madini ya risasi; sisi tuna chupa ndogo za mchanga. Wengi huzibeba tu kama mzigo. Yeye alizirusha mbele alipoachana na ardhi, akazivuta nyuma akitua, sawasawa na tulivyofanya mazoezini. Hakuna aliyemfikia. Mama yake hakupiga video, alikuwa bado anamtafuta mwalimu mkuu.

Baada ya hapo sijui saa zilivyokwenda. Mbio za ngao za maboksi, mtoto aliyepotea akakutwa amelala chini ya meza ya waamuzi, taji mbili zilizochanika. Jua linashuka nikiwa nakusanya vifaa peke yangu, mwalimu mwenzangu akapita na mkoba begani.

"Wewe leo umepumzika, hukuingia darasani hata kidogo."

Nikamkabidhi rundo la koni azipeleke stoo.