Ulisimuliwa tu

Wiki hii Hajati kafungua duka la pili pale madukani Kikuubo, Kampala, na funguo kanikabidhi mimi, mdogo wetu kaposwa rasmi na wakwe wameshataja tarehe ya kwanjula (ile sherehe ya kutambulishana ya Kiganda), na Mama karudi kutoka Arua na gunia la simsim na goti lililovimba. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina maneno ya mtoto wa darasa la saba yaliyonikaa kooni tangu Jumatatu, nisipoyatoa silali.

Tulikuwa tunakula. Meja (mnamjua, mtoto wa kaka yetu Afande, yuko kwangu tangu baba yake arudi tena Mogadishu) alikuwa ameegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, anaangalia Naruto, moja ya katuni zake za Kijapani. Mimi huwa sijali, ila siku hiyo nikachungulia nikaiona ile barakoa nyeupe. Jamani, miaka yote hiyo! Nikasema kwa furaha kabisa:

"Aa, si yule dada Haku huyo? Aliyemfia mjomba wake darajani?"

Meja akasimamisha picha.

"Dada gani, shangazi?"

"Haku."

"Haku ni mvulana. Anasema mwenyewe, kule msituni, wanapochuma dawa na Naruto."

"Na Zabuza?"

"Zabuza si mjomba wa mtu. Alimwokota tu njaani, akamfundisha kuua."

Nikanyamaza. Na yeye, kwa ule upole anaomwonyeshea bibi yake jinsi ya kusikiliza ujumbe wa WhatsApp, akamalizia: "Shangazi, wewe hukuiona Naruto. Ulisimuliwa tu." Akamega posho, akachovya kwenye maharage, akaendelea kutazama.

Angenijibu kwa jeuri ningemjibu kwa jeuri. Ni ule upole ulionimaliza. Jumanne nahesabu mabunda ya vitenge na Hajati, nasikia: ulisimuliwa tu. Jumatano ndani ya taksi, tumekwama Clock Tower, ulisimuliwa tu. Nilitunga majibu mazuri sana ndani ya ile taksi. Nilimwambia (kichwani) kwamba nilimjua Naruto kabla yeye hajazaliwa. Nilimwambia kwamba hata hiyo simu ni yangu na bando ni langu. Nikifika nyumbani namkuta anafanya mazoezi ya hesabu, majibu yote yananikimbia.

Kwa sababu kusema kweli, tuliionaje? Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua ile nyumba yetu ya kambi ya jeshi ya Bombo, kile kijumba cha bati tulichokiita mama ingia pole, jiko nje, na jirani mwenye cheo aliyekuwa na deki na jenereta. Watoto wa kambi tulijazana kwenye baraza lake Jumamosi, televisheni imegeuzwa ituelekee. Diski zilitoka Kampala, za kunakiliwa, vipindi vingi vimeshindiliwa humo, jalada limechapwa vibaya hadi sura ya Naruto ina rangi ya manjano. Kule Japani kilianza 2002, Wamarekani wakakitia sauti za Kiingereza na kuanza kukionyesha 2005, na sisi tukakipata baadaye kwa njia zisizoulizwa.

Sasa filamu za vita na za Kihindi zilikuwa na VJ wake, anafafanua kwa Kiganda juu ya sauti, anatania, anamtukana adui, hata usipoelewa unacheka na wenzako. Katuni hazikuwa na VJ. Zilikuja na Kiingereza kikavu cha Marekani, na pale barazani kulikuwa na watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara, wa Kinyankole, wa Kinubi, Kiingereza chetu kimeishia "good morning teacher". Kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili cha kambini. Kwa hiyo Afande, ambaye wakati huo hakuwa afande wa mtu, alikuwa kaka yetu tu mwenye magoti makavu, alisimama kando ya televisheni na fimbo ya mkwaju akatufafanulia yote. Sakura alisemea puani. Kakashi alimpa sauti ya sajini mmoja wa pale kambini, ya uvivu na ya kutisha, tukawa tunacheka huku tunaangalia nyuma kama sajini hayupo. Naruto alikuwa yeye mwenyewe, akipiga kelele mpaka mishipa inasimama shingoni. Tuliporudi likizo moja, Naruto wetu kabalehe, sauti imekuwa nzito na inapasuka katikati ya neno, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi usiku, badala ya kulala, nikatafuta. Naruto wa Kijapani ni Junko Takeuchi. Mwanamke! Wa Kiingereza ni Maile Flanagan, mwanamke pia. Kumbe ndio mtindo wao, mvulana wa katuni anapewa sauti ya mama mtu mzima, maana ya mwanamke haitavunjika kazi ikiwa bado inaendelea. Goku wa Dragon Ball anasemwa na Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936, na kaanza naye tangu 1986. Mtu wa umri wa bibi yetu anapigana angani! Niliifurahia hiyo habari kwa dakika kumi, kisha ikarudi: ulisimuliwa tu. Maana Meja hata ya Kiingereza haitaki. Anaiita feki. Yeye ni Kijapani na maandishi chini, basi. Akiiona ile ya Marekani anakunja uso, na Marekani kwenyewe hakujui. Ukimwambia kwamba kuna mikono mitatu kati ya Mjapani na baraza la Bombo, atasema ndicho ninachosema, shangazi.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama amelala kwenye kochi na maji moto kwenye goti, Meja akaweka kipindi cha darajani, nadhani ili anitibu, au anikomeshe. Mama hasomi Kiingereza. Baada ya dakika mbili akauliza, "Wanasema nini hao?" Na Meja, hana budi, akaanza kufafanua.

Nilijifanya nachambua mchele. Mwanzoni alisoma kila mstari, neno kwa neno. Maandishi yakamshinda mbio. Akaanza kufupisha. Zabuza kaongea kirefu, Meja kasema, "Amekasirika." Kakashi akaita mbwa wake, wakamng'ata Zabuza wakamshikilia, na Meja, ambaye sasa alikuwa amesimama, akaongeza kwamba yule mbwa mkubwa hajala tangu jana. Sikuona maandishi yoyote ya namna hiyo. Nikainamia mchele wangu.

Radi ikawaka mkononi mwa Kakashi, akakimbia nayo, na Haku akajitupa katikati.

"Maskini binti wa watu," akasema Mama.

"Ni mvulana, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, bibi."

"Baba yako alisema ni binti. Na yule mrefu ni mjomba wake. Mimi nilikuwa jikoni nasonga, nasikia yote."

Meja akageuka kwangu. Kumbe sikuwahi kumwambia ni nani aliyenisimulia. Alidhani ni watoto tu, au mtu wa kibandani.

"Baba ndiye alikuwa anafafanua?"

"Nani mwingine?"

"Wote? Hata Sasuke?"

"Hata hao mbwa."

Tukamtumia Afande ujumbe wa sauti palepale, Meja akiuliza kama askari anayehoji mtuhumiwa. Huko misheni ya Umoja wa Afrika imeshabadilishwa jina mara mbili, AMISOM ikawa ATMIS, sasa AUSSOM, sisi bado tunasema Mogadishu, na mtandao wa huko unakuja unapotaka. Jibu likafika leo adhuhuri. Nimelisikiliza mpaka nimelikariri. Kwanza anacheka muda mrefu, nyuma kuna jenereta. Halafu anasema: Haku nilidhani ni msichana kweli, si sauti yake ilikuwa ya mwanamke? Na ule mjomba nilimtunga mwenyewe. Mngetaka niseme nini, mtu mzima anazunguka porini na mtoto asiye wake, Mama yuko jikoni anasikiliza? Angekuja kuzima ile kitu siku hiyo hiyo na kututandika sote.

Mama alivyosikia akasema, "Ningezima, ndiyo." Bila kufungua macho.

Meja akarudisha ujumbe: baba, fanya ya Zabuza. Afande akakataa, yuko hemani na vijana wake, heshima ataitoa wapi kesho kwenye paredi. Tukajua yameisha. Saa tatu usiku ikaingia nyingine, fupi sana, kanong'ona, lakini ni Zabuza yule yule, wa Bombo, anamwambia Haku asiogope, mjomba yupo. Meja kaipeleka kwenye simu ya bibi yake na kwenye kundi la darasa lao, na sijui huko ataieleza vipi, yeye mtu wa Kijapani na maandishi.

Haya. Fundi niliyempa kitambaa cha gomesi hapatikani kwenye simu tangu Jumatano, kibanda chake kimefungwa, na jirani yake wa cherehani anasema huenda kaenda mazikoni, huenda kahama. Mita zangu sita za hariri ziko humo ndani. Wakwe wanataka dada wote tuvae rangi moja, na rangi hiyo Hajati anasema imeisha Kikuubo nzima.