Mgomo wa Walimu na Kalamu Nyekundu ya Senje

Septemba 2015 walimu wa Kenya waligoma. Mahakama ilikuwa imewapa nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema pesa hizo haina, na muhula wa tatu ukafunguliwa bila mtu wa kushika chaki. Katikati ya mwezi wizara ikaamuru shule zifungwe, ila watahiniwa wabaki. Sisi wa kidato cha nne tukawa tunaenda shule ya kutwa kufungua madirisha wenyewe na kujifunza wenyewe. Ikifika saa nne, wavulana wameshaingia uwanjani na mpira. Mimi nilivumilia mpaka saa tano hivi, kisha nikashika njia ya kwenda Khayega kwa Senje.

Senje ni dada mkubwa wa baba. Alifundisha Kiswahili hadi akastaafu, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiitwa kusahihisha Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ile ya fasihi. Nilipomfikia alikuwa mtu wa ng'ombe na mahindi, lakini kalamu nyekundu alikuwa nayo bado, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati la vyombo. Nilidhani nimeenda kwake kusoma kwa utulivu tu. Aliniuliza nimeandika nini tangu mgomo uanze. Nikampa daftari.

Lilikuwa jibu la swali ambalo kila mtahiniwa wa miaka ile alilijua hata usingizini: jadili ufaafu wa anwani Kidagaa Kimemwozea, alama 20. Kurasa tatu kamili, mwandiko safi, nami nikijua moyoni kwamba hapo nimepiga. Senje alisoma amesimama. Alipomaliza akaketi, akanionyesha pembeni mwa karatasi.

"Kurasa tatu, tiki mbili. Zihesabu."

Nikazihesabu. Mbili.

"Umenisimulia," akasema. "Riwaya ya Walibora nimeisoma, tena zaidi ya mara moja. Swali limekuambia ujadili ufaafu, wewe umenijibu ilikuwaje."

Hivyo ndivyo tulivyoandika sote darasani, na kusema kweli ndivyo tulivyosifiwa tangu kidato cha kwanza: aliyekumbuka mambo mengi ndiye aliyeonekana amesoma. Senje hakuwa na haja na kumbukumbu yangu. Alichukua bahasha ya kaki, akafunika aya yangu ya kwanza yote isipokuwa sentensi ya mwanzo, akaisoma kwa sauti: "Mtemi Nasaba Bora alikuwa mtawala wa Sokomoko na mke wake aliitwa Zuhura." Akanitazama juu ya miwani. "Hii inajibu swali gani?"

Akashusha bahasha hadi aya ya pili. Ya tatu. Mchezo ukawa huo mchana kutwa. Sentensi ya kwanza ikisimama peke yake bila kujibu swali, aya yote inapigwa mstari, hata kama chini yake kuna mfano mzuri. Nilibishana naye kuhusu aya moja niliyoipenda sana, ya kile kitoto kilichotupwa mlangoni pa Amani, kijana aliyemchungia Mtemi ng'ombe. Aliniambia kitoto kinamliza hata yeye, lakini mtahini ana rundo la karatasi mbele yake na hatatafuta hoja yangu chini ya machozi. Niliiandika upya: "Anwani inafaa kwa kuwa uovu ambao Mtemi alidhani ameuficha kwa kumtupia Amani mtoto unaishia kumrudia mwenyewe." Sentensi moja. Kitoto kikafuata nyuma yake kama mfano, na tiki ikaja.

Suala la muda ndilo lililonitoa jasho. Karatasi ile ni saa mbili na nusu, maswali manne, kila swali alama 20. Gawanya mwenyewe: dakika 37 na nusu kwa swali. Senje hakuwa na saa ya ukutani, alikuwa na redio, na redio ilikaa kwenye idhaa ya taifa kutwa nzima. Saa sita na dakika ishirini na tatu alikuwa akinipa swali, kisha anatoka nje kwa ng'ombe wake. Taarifa ya habari ya saa saba ikianza, kalamu chini. Dakika tano za kwanza sikuruhusiwa kuandika jibu kabisa. Nilipaswa kupiga mstari chini ya kitenzi cha swali, jadili au fafanua au thibitisha, na kuorodhesha hoja kwa maneno matatu matatu kwenye ukurasa wa nyuma. Dakika hizo zilinichoma. Unaona mkono umekaa bure na muda unakwenda. Lakini nikianza kuandika nilikuwa sisimami tena kutazama dari.

Hitimisho alinipa mistari miwili. "Mtahini hakupi alama kwa kuaga."

Siku moja mvua iliwahi. Huku Kakamega tumezoea mvua inayosubiri alasiri, radi kwanza halafu mawe, lakini siku hiyo ilishuka kabla ya saa saba, na mabati ya Senje yakapiga kelele hata sauti ya redio ikapotea. Nilikuwa katikati ya swali lile lile la anwani, maana alilirudisha akitaka safari hii niache kumtegemea Mtemi peke yake. Nikaenda kuweka sikio kwenye redio. Senje akaingia akitiririka maji, akaizima.

"Rudi ukae. Chumba cha mtihani saa yaweza kufa. Umebakisha hoja ngapi?"

Nilitazama orodha yangu ya nyuma. Zilibaki tatu, na mojawapo ilikuwa neno moja tu: Majisifu. Nilikuwa nimeliandika ili kujaza nafasi, kwa sababu ndugu wa Mtemi hakosi kuwa na la kwake. Bila redio sikuwa na cha kukimbizana nacho, basi nikafikiria. Majisifu aliiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake. Mswada wenyewe uliitwaje? Uliitwa Kidagaa Kimemwozea. Nilikuwa nimeisoma riwaya ile mara nyingi, nikajua kisa hicho kama nijuavyo njia ya mtoni, na haikuwa imenijia kamwe kwamba kitabu nilichokishika mkononi kinabeba jina la kitabu kilichoibwa ndani yake. Yaani mwizi anajitangazia aibu yake kwenye jalada. Niliandika aya hiyo mkono ukitetemeka kidogo, si kwa baridi.

Senje aliisoma mvua ikiwa bado inanyesha. Akaweka tiki mbili, akafikiri, akaongeza mstari mwekundu chini ya sentensi ya kwanza. Hakusema vizuri. Aliuliza kwa nini hoja hii imekuja ya mwisho ilhali ndiyo nzito kuliko zote.

Hapo ndipo nilipouelewa ule ukurasa wa nyuma. Nilikuwa nikidhani ni wa kuokoa muda tu. Kumbe ndiyo nafasi pekee ambayo mtu anaweza kuzipanga hoja kwa uzito kabla hazijapangwa na kumbukumbu. Jambo moja hatukuwahi kukubaliana hadi leo: yeye alitaka kila aya iwe na urefu sawa, tiki iwe rahisi kupata. Mimi naona aya kama ile ya Majisifu ina haki ya kula nafasi ya mbili. Yeye alisema nikishakuwa mwandishi nitafanya nitakavyo.

Mwaka ule karatasi zilivuja kweli kweli, na wavulana wa mpira walikuwa na majibu kwenye simu kabla ya wengine kuamka. Nilimwambia Senje. Alisema majibu ya kununuliwa pia husimulia, akaendelea kumenya njugu.

Jioni ya siku ya fasihi nilipita kwake nikiwa na sare. Alikuwa zizini.

"Ulianza na lipi?"

"La riwaya, Senje."

"Uliyamaliza manne?"

"Niliyamaliza. Muda ukabaki kidogo."

"Ukaufanyia nini?"

"Niliongeza aya kwenye hadithi fupi."

Aliacha kukamua. "Aya ya hoja, au ulisimulia?"

"Nilisimulia kidogo."

"Heri ungelala," akasema, akanipa ndoo nipeleke maziwa ndani.