Ukienda velodromu, ujue gurudumu la kutazama

Televisheni inailaza njia ya velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli. Kwenye skrini kona zinaonekana zimeinama kidogo tu, lakini ukisimama pembeni yake unakuta ukuta wa mbao. Kwenye njia za kimataifa, ambazo nyingi zina urefu wa mita 250, mwinamo wa kona ni nyuzi 42 hadi 45, na hata pale palipoonyooka mbao hazilali sawa. Mwendeshaji akipunguza sana mwendo kwenye kona, tairi zinaachia na anaporomoka hadi chini. Baiskeli yenyewe haina breki wala friwili, na gia ni moja tu: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na miguu haina pa kupumzikia.

Wengi wanaokwenda mara ya kwanza hutoka wakisema wameona watu wakizunguka na hawajui nani alimshinda nani. Sababu ni kwamba macho yao yalikuwa kwa aliyetangulia. Velodromu si riadha. Kila aina ya mbio ina gurudumu lake la kutazama, na mara nyingi si la mtu wa mbele.

Tuanze na tiketi, maana makosa ya gharama kubwa yanafanyika hapo. Tiketi nyingi huuzwa kwa kipindi, si kwa siku. Kipindi cha asubuhi au mchana kina hatua za kufuzu, cha jioni kina fainali na utoaji wa medali. Soma ratiba ya kila kipindi kabla ya kulipa, kwa sababu jioni moja inaweza kuwa na fainali nne na jioni inayofuata ikawa na mbili na raundi za mtoano. Mashindano ya dunia huchukua siku tano. Kwa kawaida siku za mwanzo ni za timu, yaani mbio za kufukuzana na sprinti ya timu, na mbio ndefu za Madisoni, za jozi zinazopokezana, huja mwishoni. Kama hujawahi kwenda, chukua kipindi kimoja cha kufuzu na kimoja cha fainali. Kile cha kufuzu watu wanakidharau bila haki: viti vingi huwa wazi, mbio zilezile zinarudiwa timu baada ya timu, na jicho linajifunza.

Suala la viza lianze mapema kuliko la tiketi. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania anayeishi London, akitaka kutazama mbio Ubelgiji, Uholanzi, Denmark au Uswisi, lazima aombe viza. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kinachowakwamisha watu si fomu, ni nafasi ya miadi. Tafuta miadi kwanza, na hoteli uchukue ile inayoweza kufutwa bila kukatwa pesa. Mwenye kibali halali cha Ujerumani au Ufaransa anaingia nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini akivuka kwenda Glasgow au Manchester anahitaji viza ya Uingereza.

Sasa kiti. Viti vya ghali ni vya mkabala na mstari wa kumalizia, na kwa jioni ya sprinti vina thamani yake. Lakini kiti kizuri zaidi, kwa maoni yangu, kiko safu za juu pale kona ya mwisho inapofungukia sehemu iliyonyooka ya kumalizia. Kutoka hapo unaona upande wa pili wote, unaona nani anapanda juu na nani amebanwa chini, na unawafuata hadi mstarini. Safu za chini juu ya kona zina ubaya ambao ramani ya viti haionyeshi: mbao zinashuka zikikuacha wewe, kwa hiyo ukingo unafunika sehemu ya chini ya njia. Unasikia upepo wao wakipita, kisha humwoni mtu hadi watokee upande wa pili. Na kwa mbio za kufukuzana, viti vya bei nafuu vya upande wa nyuma havikupunjii kitu, kwani wapinzani huanzia katikati ya pande mbili zinazotazamana na kila mmoja humalizia upande wake.

Kuna jambo lingine kuhusu safu ya kwanza kwenye kona. Katika velodromu ya Lee Valley, London, mwendeshaji alivuka ukingo akaangukia jukwaani kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, na ikatokea tena Desemba 2024, ambapo watazamaji 4 walihitaji matibabu na mbio za jioni hiyo zikasitishwa. Ukiwa na mtoto, usikae hapo. Mtu mzima akikaa hapo, asiegemee ukingo na asiweke juu yake simu, chupa wala kamera. Kitu kikianguka njiani, mtu anayekuja kwa kilomita 60 kwa saa hana breki ya kushika.

Kabla mbio hazijaanza, jifunze mistari mitatu. Mweusi uko sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani, na ndio unaopima urefu wa njia. Mwekundu uko juu yake kidogo, takriban sentimita 85 kutoka ukingo huohuo. Nafasi iliyo kati ya hiyo miwili ni ya mwenye kuongoza sprinti, na akishaikamata mita 200 za mwisho mpinzani haruhusiwi kumpita kwa ndani, lazima azunguke nje. Wa bluu uko juu zaidi, na katika Madisoni ndio utakaokusaidia kutenganisha anayeshindana na anayepumzika.

Mbio za kufukuzana za timu zina waendeshaji wanne na kilomita 4, yaani mizunguko 16. Aliyetangulia anapasua upepo, akifika kwenye kona anapanda juu ya mwinamo, anawaacha watatu wapite chini yake, kisha anashuka kujiunga mkiani. Akishuka akakuta pengo la baiskeli moja, hilo pengo linamla nguvu kuliko zamu yenyewe. Muda unachukuliwa kwa gurudumu la mbele la mtu wa tatu, kwa hiyo timu nyingi humtoa mmoja kafara: anavuta zamu ndefu ya mwisho, anapanda juu, anaachwa. Wakibaki watatu, mtazame huyo wa tatu. Ukiona mwanga kati yake na wa pili, timu iko matatani hata kama ubao unasema inaongoza. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Australia walikwenda 3:40.730, wastani wa kilomita 65 kwa saa, na huo unahesabu hata kuanza kutoka kusimama.

Sprinti ya watu wawili huwachanganya wageni kwa sababu inaanza kwa kutembea. Anayekaa nyuma ndiye mwenye faida: anamwona mwenzake, na anajificha kwenye upepo wake. Ndiyo maana utamwona wa mbele akigeuza shingo muda wote, na pengine akisimamisha baiskeli kabisa ili kumlazimisha wa nyuma apite. Kusimama huko kuna kikomo cha sekunde 30. Mtazame wa nyuma. Akipanda hadi karibu na ukingo wa juu, anatafuta kimo cha kushukia. Katika hatua ya kufuzu kila mmoja hupimwa peke yake kwa mita 200 za kuruka, yaani akianza kupimwa akiwa tayari na kasi: Harrie Lavreysen wa Uholanzi alipata 9.088 Paris 2024, na mwaka 2025 huko Konya, Uturuki, Matthew Richardson wa Uingereza akawa wa kwanza kushuka chini ya sekunde 9. Hiyo ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa kwa miguu ya mtu.

Keirini ni rahisi kuifuata. Pikipiki inawatangulia, inaongeza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, na zikibaki mizunguko mitatu inatoka. Hakuna ruhusa ya kuipita kabla. Kazi nyingi imeshafanyika wakati huo: ukiona mtu wa nne anasogeza gurudumu lake nje ya la aliye mbele yake pikipiki ikikaribia kutoka, huyo amejiandaa kuondoka.

Mbio za mtoano, zile za kuondoana, ndizo ningempeleka mgeni yeyote kwanza. Kila baada ya mizunguko miwili, wa mwisho anatolewa, na kinachopimwa ni gurudumu la nyuma. Hapo ndipo watu wanapigwa na butwaa: mwendeshaji aliyebanwa chini kwenye mstari mweusi, akiwa hana pa kupitia mbele wala pembeni, anatolewa ilhali ana nguvu tele. Walio nje wanapita juu yake kwa kasi, mstari unafika, gurudumu lake la nyuma limebaki la mwisho. Kwa hiyo usitazame mbele. Tazama watu watatu wa mkiani, hasa aliye chini kabisa. Mara nyingi utamjua wa kutoka sekunde tano kabla mtangazaji hajataja namba. Wakibaki wawili sheria inageuka: sasa ni gurudumu la mbele, sprinti ya kawaida.

Omniamu ni mbio nne za siku moja, na mtoano ni mojawapo. Katika mbio tatu za kwanza mshindi hupata pointi 40, wa pili 38, wa tatu 36, na kuendelea kushuka. Pointi hizo hubebwa hadi mbio ya nne, ambapo kila mizunguko 10 kuna sprinti ya pointi 5, 3, 2 na 1, na mwenye kuuzidi msafara, yaani kundi kuu la waendeshaji, kwa mzunguko mzima hupewa 20. Huo mzunguko mmoja ni sawa na kushinda sprinti nne safi. Kwa hiyo wakichomoka watu wawili nusu mzunguko mbele, acha kutazama kilele cha sprinti, tazama kama msafara unafukuza au unategeana.

Madisoni inahitaji karatasi na penseli. Jina limetoka Madison Square Garden ya New York, ambako mbio za siku sita zilianza kukimbizwa kwa jozi mwaka 1899. Kila timu ina wawili: mmoja anashindana, mwenzake anazunguka polepole juu ya mstari wa bluu. Wanapobadilishana, anayetoka anamshika mkono anayeingia na kumrusha mbele, anamkabidhi mwendo wake. Wanaume hukimbia kilomita 50, mizunguko 200; wanawake 30, mizunguko 120. Usijaribu kufuata timu zote. Chagua nne, andika rangi za jezi zao, na kila sprinti jaza pointi zao tu. Pointi za sprinti ya mwisho zinazidishwa mara mbili. Tazama mikono. Timu inayobadilishana kila mzunguko na nusu bila kukosana iko salama. Mikono ikikosana, anayeshindana analazimika kuzunguka tena akiwa amechoka, na hapo ndipo mizunguko inapopotea. Ajali nazo hutokea kwenye kurushana, hasa anayetoka akiegemea upande bila kuangalia nyuma. Aliyeanguka mkaona harudi mara moja msishangae. Mwenzake ndiye anayeshika nafasi ya timu hadi arudi.

Ukitaka kuona kurushana huko kwa karibu, nenda Ghent, Ubelgiji, mwezi Novemba kwenye mbio za siku sita. Njia ya 't Kuipke ina mita 166 na ushei tu, na watazamaji husimama katikati ya uwanja, wamezungukwa na mbio.

Ndani ni joto, kwa makusudi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapasulika kwa urahisi, kwa hiyo ukumbi huwekwa nyuzi joto 26 au hata 28, na milango hufungwa mbio zikiendelea. Vaa fulana chini ya koti, na uende msalani kati ya mbio, la sivyo unaweza kuzuiliwa nje hadi waendeshaji wamalize. Mtoto mdogo mletee vikinga masikio, maana bastola ya kuanzia hulia ndani ya ukumbi uliofunikwa. Kamera isiwe na mwako. Kwa picha kali weka kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Ukitaka mandhari ya nyuma yawe michirizi, shusha hadi 1/125 na umfuate mwendeshaji kwa kamera kabla hajafika mbele yako hadi baada ya kupita.

Kwa usafiri wa kurudi, usiamini saa ya kumaliza iliyoandikwa kwenye tiketi. Ajali moja inaweza kung'oa vibanzi vya mbao, na mafundi lazima wazizibe na kuzilainisha kabla mtu mwingine hajapita. Madisoni ya wanaume peke yake hukaribia saa nzima, na kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Chagua treni ya mwisho inayokuachia dakika 45 za ziada, na vaa koti kabla ya kufungua mlango wa nje, kwa sababu mwili uliokaa saa tatu kwenye joto hilo huushtukia usiku wa baridi.