Kuhama na Tetekuwanga

Notisi nilikuwa nimeshaitoa, mpangaji mpya ameshalipa, na lori limekodiwa kwa siku ya mwisho ya mwezi. Ndipo kipele kimoja kikanitoka tumboni, nikakikuna bila kukijali. Kufika jioni vilikuwa vimetapakaa kifuani, mgongoni, hata kichwani katikati ya nywele, na vingine vimeshajaa maji. Nilipomtumia mama picha, hakungoja hata salamu. "Hiyo tetekuwanga, mwanangu. Utotoni ilikuruka, ikampata dada yako."

Daktari akakubaliana na mama. Aliniuliza nilikuwa na nani siku 10 hadi 21 zilizopita, kwa kuwa virusi hujificha mwilini muda huo kabla ya kujionyesha, nikamkumbuka mtoto wa mfanyakazi mwenzangu niliyempakata kwenye sherehe. Akaniandikia asikloviri, ambayo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu upele utoke, akaniambia homa niishushe kwa parasetamoli, na akanionya kwamba kwa mtu mzima ugonjwa huu unaweza kuingia mapafuni; nikianza kubanwa pumzi, nirudi mbio. Tena nijitenge mpaka kila lengelenge likauke na kufanya kigaga. Nikamwuliza, na kuhama je? "Vyombo vihame," akasema. "Wewe usikutane na watu."

Upele wenyewe haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kurudisha siku nyuma. Mgonjwa wa tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hata hajaona kipele, na jana yake tu binti wa mwenye nyumba alikuwa kwangu, akimwonyesha mpangaji mpya jiko na bafu. Tulisimama pamoja tukizungumza kwa muda mrefu. Naye alikuwa mjamzito.

Simu niliishika mkononi muda mrefu kabla ya kumpigia mwenye nyumba. "Shikamoo, mama. Nina habari si nzuri." Alinyamaza hadi nikadhani amekata, kisha akasema, "Afadhali umesema mapema." Aliyewahi kuugua kwa kawaida ana kinga, asiyekumbuka hupimwa damu, na asiye na kinga kuna sindano ambayo sharti achomwe bila kuchelewa. Binti hakukumbuka, ikabidi apimwe. Majibu yalipotoka alikuwa na kinga, na mimi ndiyo kwanza nikaweza kula.

Kuahirisha hakukuwezekana. Mpangaji mpya naye alikuwa ametoa notisi kwake, na anayeingia kwake alishafunga mizigo. Wapangaji tumefungamana hivyo, mmoja akikwama wote wanakwama. Kwa bahati mpangaji huyo aliugua akiwa darasa la pili na alama anayo.

Wachukuzi niliwapigia mmoja mmoja kuwauliza kama wamewahi kuugua. Mmoja akajibu, "Labda." Mwingine akasema ngoja amwulize mama yake, na mzee mzima yule kweli akaenda kuuliza. Mmoja alijitoa, sikumlaumu. Tukapanga wasio na uhakika wabaki nje kwenye lori, na ndani aingie shemeji yangu peke yake, ambaye ana vishimo viwili vya tetekuwanga kwenye paji la uso, akivionyesha siku ile kama kitambulisho.

Nami nikafungiwa chumbani, mlango umefungwa, dirisha wazi, simu sikioni. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kusikiliza watu wakihamisha nyumba yako bila kuona. Kitu kinaburutwa, unajua ni kabati. Kitu kinaanguka, hujui ni nini. "Shem, hilo boksi la sahani lisilaliwe na kitu!" "Shemeji, tulia, ulale." Nitulie vipi? Mwili mzima unawasha, kucha nimezikata mpaka kwenye nyama, na nasikia droo inafunguliwa ambayo ningependa niifungue mwenyewe. Mtu akihama kwa mikono yake, vile vya aibu huvizungushia gazeti kabla hajaviona mtu. Shemeji aliviona vyote. Mpaka leo hajasema neno, na ukimya wake unaniudhi kuliko angecheka.

Makabidhiano tukayafanya kwa simu ya video. Mwenye nyumba alisimama getini, shemeji akapitisha kamera ukutani, na mimi nikawafuata kutoka kitandani, kitu cha mwisho kilichobaki ndani. Matundu ya misumari sebuleni nikayakubali, ni yangu. Sinki la bafu lilikuwa na ufa.

"Huu je?"

"Nimeukuta, mama."

"Hapana."

Nikamtumia picha niliyopiga siku naingia, ikiwa na tarehe yake na ufa wake. Akaitazama kwa makini, akasema haya. Shemeji akapiga picha mita ya maji na ya umeme, akaziosha funguo kwa sabuni mbele ya kamera ili kila mtu aone, akaziweka juu ya nguzo ya geti na kurudi nyuma.

Nilisafiri viti vya nyuma vya gari lake, vioo vyote vimeshushwa, upepo ukinipiga malengelenge. Raha yake sitaisahau. Kitanda hakikufungwa usiku ule kwa sababu boliti zilipotea, nikalala kwenye godoro sakafuni. Amana ilirudi baadaye, imekatwa gharama ya kuziba matundu. Boliti alizikuta shemeji ndani ya birika la chai, alikoziweka mwenyewe ili zisipotee.