Lowell, Massachusetts: mji wa kufuata maji

Treni kutoka North Station, Boston, huchukua dakika 45 hivi. Ukishuka usihangaike na teksi, katikati ya mji ni kama dakika 20 kwa miguu. Anzia kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa, 246 Market Street, kuingia ni bure, uchukue ramani ya mifereji.

Mto Merrimack unashuka karibu mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Kuanzia miaka ya 1820 maji hayo yaligawiwa kwenye mifereji, jumla kilomita 9 hivi, yakizungusha viwanda vya nguo. Ndiyo maana maporomoko yenyewe huvunja moyo wakati wa kiangazi: maji yamechepushwa, umebaki kutazama mawe. Yafuate Aprili, theluji ikiyeyuka.

Ukiwa na saa mbili tu, zimalizie Boott Cotton Mills, kiwanda cha zamani cha nguo ambacho sasa ni makumbusho. Hapo kuna kiingilio kidogo. Chumba cha chini kina mashine 88 za kufuma; huwashwa chache tu, na bado sakafu inatetemeka. Vizibo vya masikio vipo, vivae. Mashine ikisimama ghafla, tazama nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa: kila uzi umevikwa kibati chembamba, uzi ukikatika kibati kinadondoka na kuizima mashine kabla kitambaa hakijaharibika. Ndivyo mfanyakazi mmoja alivyoweza kubebeshwa mashine nyingi. Usifike jioni, huzimwa kabla ya kufunga.

Kwa mtu wa pwani kuna la ziada. Merikani, kitambaa cha pamba kilichoshushwa Zanzibar karne ya 19, ikawa hata fedha huko bara, ilifumwa katika viwanda vya jimbo hili. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani 1861, merikani ikaadimika.

Mashua za mifereji ni za msimu wa joto, weka nafasi mapema. Chagua safari inayopita Francis Gate, lango kubwa la mbao lililojengwa 1850 na kuning'inizwa juu ya mfereji. Watu walilicheka. Mafuriko ya 1852 yalipokuja, chuma kilicholishikilia kilikatwa kwa patasi, lango likaanguka, mji ukapona. Likashushwa tena 1936.

Njaa ikikushika, tafuta supu ya tambi ya Wakambodia. Wako wengi hapa, na bei zao ni nafuu.